Tangi la zege, tangi la stenlesi au pipa la mwaloni: kipi cha kuchachushia na kukomazia mvinyo?

Mtu anayeacha kutengeneza mvinyo wa ndoo chache na kuingia kwenye lita elfu kadhaa hulazimika kuamua fedha yake aitie kwenye chombo cha aina gani. Uamuzi huo ni mgumu kuubadilisha baadaye, kwa sababu chombo huishi miaka mingi kuliko mavuno yoyote yatakayopita ndani yake. Zamani Ulaya ilidhani imelimaliza suala hili. Matangi ya zege yalikuwa yamejengwa kwa wingi tangu mwishoni mwa karne ya 19, hasa katika vyama vya ushirika vya kusini mwa Ufaransa, lakini stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, ilipoingia yakaanza kuonekana ya kizamani. Château Haut-Brion ya Bordeaux iliweka matangi yake ya stenlesi mwaka 1961, na wengine wakafuata. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2001 Michel Chapoutier, mtengeneza mvinyo wa bonde la Rhône, aliagiza tangi la zege lenye umbo la yai kutoka kwa Marc Nomblot, ambaye familia yake imekuwa ikitengeneza matangi ya zege tangu miaka ya 1920. Mwaka 2011 Château Cheval Blanc, nayo ya Bordeaux, ikafungua jengo jipya lenye matangi 52 ya zege, ya ukubwa tofauti tofauti, ili zabibu za kila kipande cha shamba zichachuke peke yake. Pétrus, jirani yake, haikuwahi kuachana na zege.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la kusikia tu. Dodoma ina mizabibu ya aina za Makutupora, Syrah na Chenin Blanc, na wakulima wengi wameshajua kuwa mnunuzi wa zabibu mbichi akichelewa, njia ya kuokoa mavuno ni kuzisindika na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi wa kuuziwa viwanda. Lakini mchuzi hauwezi kusubiri bila chombo. Hapo ndipo swali la zege, stenlesi au mbao linapokuwa swali la riziki.

Nimeona vyema kuvipima vyombo hivi vitatu kwa vigezo vilevile vitano: jinsi kila kimoja kinavyoshika na kuachia joto, kiasi cha hewa kinachopitisha, kile kinachoifanyia ladha ya mvinyo, ugumu wa kukisafisha pamoja na hatari zake, na mwisho gharama pamoja na nafasi kinayohitaji. Kigezo cha joto nitakikalia zaidi ya vingine, kwa kuwa katika nchi zetu mvinyo mwingi huharibikia hapo.

Joto

Hamira inapogeuza sukari kuwa kileo hutoa joto, na joto hilo ni jingi kuliko wengi wanavyodhani. Juisi ya zabibu zilizoiva vizuri, kama ingechachuka yote bila kupoteza joto lolote, ingepanda kwa zaidi ya nyuzijoto 25 kutoka pale ilipoanzia. Maana yake ni kwamba zabibu zilizovunwa mchana, zikaingia tangini zikiwa na nyuzijoto 28, hazina nafasi: zikivuka 35 hamira huanza kufa, sukari hubaki haijaliwa, na bakteria wa siki hupata karamu. Mvinyo mweupe hutakiwa kuchachuka polepole, takriban kati ya nyuzijoto 12 na 18, ili manukato yasiondoke na gesi; mwekundu huchachuka vizuri kati ya 25 na 30, kwa sababu joto hilo husaidia kutoa rangi na tanini (kile kinacholeta ukakasi mdomoni) kwenye maganda.

Ukuta wa tangi la stenlesi una unene wa milimita mbili tatu tu, na chuma hupitisha joto kwa wepesi. Ukiuzungushia koti la maji baridi au glaikoli (kimiminika cha kupoozea kisichoganda upesi) na kuunganisha na mashine ya kupoozea, unaweza kulishusha joto la tangi zima kwa muda mfupi, na unaweza kulipanga utakavyo. Hakuna chombo kingine kinachotii hivyo. Lakini wepesi huohuo hugeuka kuwa udhaifu umeme ukikatika: tangi lililo chini ya bati, mchana wa mwezi wa pili, hupata joto kwa haraka ileile uliyokuwa ukijivunia.

Zege hufanya kinyume. Ukuta wake wa sentimita 10 hadi 15 una uzito mkubwa wa kunyonya joto, kwa hiyo kinachoingia huingia polepole na kinachotoka hutoka polepole. Mvinyo ulio ndani haupandi na kushuka kila jua linapochomoza na kuzama, na utulivu huo ni mzuri kwa hamira na mzuri zaidi wakati wa kukomaza. Ulaya kuna faida nyingine: uchachushaji wa kwanza ukiisha, zege bado lina joto, na bakteria wanaolainisha asidi kali ya mvinyo, ambao hupenda nyuzijoto kama 20, huendelea na kazi yao bila tangi kupashwa moto.

Hata hivyo, ni lazima niseme jambo ambalo wauzaji wa matangi ya zege hulipitia juu juu: zege halina ubaridi wake lenyewe. Linatunza hali iliyopo. Likishapata joto la uchachushaji halina njia ya haraka ya kuliachia, na mtu aliyezoea kufungulia maji baridi juu ya ukuta wa stenlesi akaona kipimo kinashuka atasubiri sana kwenye zege. Ndiyo maana matangi ya kisasa ya zege huwekewa mabomba ya kupoozea ndani ya ukuta kabla ya kumwagwa, na anayejenga bila mabomba hayo anajenga tangi la kukomazia, wala si la kuchachushia kiasi kikubwa. Kwa Dodoma, msimu una uzito wake: mavuno ya mwezi wa nane na wa tisa hukutana na usiku wenye baridi, na zabibu zikivunwa alfajiri na tangi likiwa limepoa usiku kucha, zege hufanya kazi nzuri, lakini mavuno ya mwanzoni mwa mwaka hayana huruma hiyo.

Pipa la mwaloni la kawaida la Bordeaux, lenye lita 225, ni dogo kiasi kwamba hutoa joto lake kwa urahisi, kwa hiyo mvinyo mweupe unaweza kuchachuka ndani yake bila mashine. Lakini pipa hutegemea joto la ghala kwa kila kitu. Asiye na ghala lenye ubaridi wa kudumu, ama chini ya ardhi ama kwa kiyoyozi, asilitazamie pipa limlindie mvinyo.

Hewa

Mvinyo unaokomaa unahitaji oksijeni kidogo sana, kwa miezi mingi, ili tanini zilainike na rangi ikae. Ukizidishiwa hugeuka siki au hupoteza matunda yake.

Stenlesi haipitishi chochote. Kwa mvinyo mweupe wa kunywewa ungali mchanga hiyo ni sifa. Kwa mwekundu mzito inaweza kuleta harufu ya yai viza, ambayo huondolewa kwa kuuhamisha mvinyo kwenye tangi jingine huku ukipata hewa. Pipa la mwaloni hupitisha hewa kuliko wenzake, kupitia mbao, maungio na tundu lake la juu, na pia hupoteza mvinyo kwa kukauka, hivyo linapaswa kujazwa tena kila baada ya majuma machache. Katika hewa kavu kama ya Dodoma, kinachotoka zaidi ni maji, na kileo kinachobaki hupanda asilimia yake.

Zege lipo katikati, lakini kwa sharti. Zege lisilopakwa kitu lina vinyweleo na hupitisha hewa kidogo. Zege lililopakwa epoksi, yaani rangi ngumu ya plastiki, halipitishi tena, na kwa upande huu wa hewa linakuwa sawa na stenlesi yenye ukuta mnene. Watu wengi husifu zege kwa kupumua huku wakinywa mvinyo uliotoka kwenye tangi lenye epoksi. Kabla ya kununua au kujenga, amua kwanza utapaka au hutapaka, kwa maana hapo unachagua kati ya vyombo viwili tofauti. Nchini Argentina, mtengeneza mvinyo Sebastián Zuccardi aliamua kutumia zege lisilo na epoksi katika jengo la familia yake la Valle de Uco lililofunguliwa mwaka 2016, na uamuzi huo unaendana na lengo lake la kutotaka ladha ya mbao ifunike ladha ya udongo wa milimani.

Kwa vyombo vyote vitatu, nafasi tupu juu ya mvinyo ni adui. Stenlesi ina suluhisho bora zaidi hapa: matangi yenye mfuniko unaoelea, unaoshuka kadiri mvinyo unavyopungua. Tangi la zege lina ujazo mmoja tu, na likikaa nusu linaharibu kilichomo.

Ladha

Mwaloni huongeza: vanila, viungo, moshi kutokana na mbao kuchomwa ndani wakati wa kuundwa, na tanini za mbao yenyewe. Pipa jipya hutoa sehemu kubwa ya ladha hiyo katika matumizi matatu ya kwanza, kisha hubaki kuwa chombo cha kupitishia hewa tu. Stenlesi haiongezi wala haipunguzi, na mvinyo hutoka ukiwa na matunda yake yaleyale, safi na yenye ncha kali.

Zege lisilopakwa halitoi harufu yake, ila hupunguza ukali wa asidi kidogo kwa kuwa saruji ni alkali, na mdomoni mvinyo huhisiwa mpana na laini zaidi. Katika nchi za baridi, ambako zabibu zina asidi nyingi, hilo hupokewa kwa furaha. Kwa zabibu za nchi ya joto, ambazo mara nyingi huvunwa zikiwa na asidi pungufu, ni jambo la kuangaliwa, kwa sababu mvinyo wenye asidi ndogo hushambuliwa na bakteria kwa urahisi. Mwenye mvinyo wa aina hiyo anayetaka zege ana sababu nzuri ya kulipaka epoksi, au kupima pH (kipimo cha ukali wa asidi) mara kwa mara na kurekebisha asidi.

Kuhusu umbo la yai, wauzaji hudai kwamba mvinyo huzunguka wenyewe ndani yake na kuamsha mashapo ya hamira. Kilicho dhahiri ni kwamba halina kona za kukusanya uchafu, na kwamba bei yake ni kubwa kuliko ya tangi la pembe nne la ujazo uleule. Anayejenga kwa fedha yake ndogo hatapoteza kitu kikubwa akijenga pembe nne zenye kona zilizoviringwa.

Usafi na usalama

Stenlesi husafishwa kwa magadi makali, kisha maji, kisha asidi ya sitriki, na kazi imekwisha. Kitu cha kuepuka ni klorini, yaani jiki, ambayo hula chuma kwa vitundu vidogo. Ghalani klorini ina ubaya zaidi, kwa sababu ikikutana na mbao na kuvu huzaa harufu ya ukungu isiyoondoka kwenye mvinyo. Yafaa pia kujua daraja la chuma: 304 hutosha kwa sehemu kubwa, lakini moshi wa salfa unaokusanyika juu ya mvinyo hulishambulia, ndiyo maana mafundi makini hutumia 316 sehemu ya juu ya tangi.

Pipa ni gumu zaidi. Hamira za uharibifu hujificha ndani ya mbao mahali ambapo brashi haifiki. Pipa tupu likiachwa likauke, mbao husinyaa na maungio huvuja, kwa hiyo huchomwa salfa ndani na kulowekwa kabla ya kutumika tena. Asiye na mtu wa kufanya kazi hiyo kwa nidhamu mwaka mzima asinunue mapipa.

Zege ndilo linalohitaji maarifa zaidi mwanzoni. Saruji mpya ina alkali kali na mvinyo una asidi. Vikikutana bila maandalizi, ukuta hulika, na kalsiamu na chuma huingia kwenye mvinyo na kuutia ukungu. Tangi lisilopakwa epoksi huachwa likomae kwa siku 28 likimwagiliwa, kisha hupakwa mmumunyo wa asidi ya tatariki (asidi iliyomo kwenye zabibu) mara mbili au tatu, likikaushwa kila mara, mpaka tabaka gumu lijengeke usoni pake. Anayechagua epoksi ahakikishe ni ya vyombo vya chakula na aiache ikauke muda wote ulioandikwa, kwa kuwa epoksi za aina mbaya zimewahi kuachia kemikali inayougeuza mvinyo kunuka lozi chungu. Nondo nazo lazima zifunikwe kwa zege la kutosha, maana nondo iliyo karibu na uso hushika kutu, huvimba na kupasua ukuta. Baada ya hapo usafi wa kila msimu ni wa maji ya moto na brashi. Fuwele za tatariki hung'ang'ania ukuta wa zege kwa ganda gumu, na kuzibandua kwa chuma ni kuubandua ukuta wenyewe. Mvuke na subira huondoa bila kuumiza.

Kuna jambo moja ambalo halibagui chombo. Uchachushaji hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hukaa chini ya tangi hata baada ya mvinyo kutolewa. Watu hufa kwa kuingia kutoa maganda, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa naye. Mshumaa si kipimo, kwa sababu unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inamdhuru mtu. Tangi lipulizwe hewa safi kwa feni, lipimwe kwa kifaa, na aingie mtu aliyefungwa kamba huku mwingine akiwa nje. Tangi la zege lenye mlango mdogo wa chini ndilo linalovuta watu kuingia zaidi, na hapo tahadhari iwe mara mbili.

Uzito, nafasi na gharama

Chukua tangi la zege lenye mita mbili kila upande kwa ndani na ukuta wa sentimita 15. Linabeba lita 8,000. Zege lake lenyewe lina uzito wa tani 10 hivi, na likijaa jumla ni tani 18 juu ya msingi mmoja. Halihamishiki, haliuzwi ukikwama, na likipasuka kwa msingi kutitia limekwenda. Kwa upande mwingine, saruji, mchanga, kokoto na nondo vinapatikana kila wilaya, na matangi yanaweza kujengwa yakishirikiana kuta, hivyo ghala dogo hubeba ujazo mkubwa. Gharama ya kweli ipo kwenye fundi anayeelewa kwamba hili si tangi la maji.

Stenlesi hugharimu fedha nyingi siku ya kwanza, na mashine ya kupoozea ni gharama nyingine, lakini ina thamani ya kuuzwa tena na hudumu miongo mingi.

Mapipa ni hesabu tofauti kabisa. Lita 10,000 zinahitaji mapipa 45, na pipa jipya la Kifaransa mara nyingi huvuka euro 800 kabla ya usafiri. Juu ya hayo, kwa mwenye mavuno mawili kwa mwaka kuna tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havina haja ya kulizungumza: mvinyo unaokaa pipani miezi 12 utakutana na mavuno mengine mawili yakiingia. Tangi la kuchachushia linafanya kazi mara mbili kwa mwaka na kurudisha fedha yake haraka, ila vyombo vya kukomazia vinahitajika maradufu. Hesabu hiyo ifanywe kwenye karatasi kabla ya kuagiza chochote.

Nani achague nini

Anayetengeneza Chenin Blanc, au mvinyo wowote mweupe unaouzwa ndani ya mwaka, atahudumiwa vizuri na stenlesi yenye koti la kupoozea, mradi umeme wake ni wa kuaminika au ana jenereta.

Kikundi cha wakulima kinachosindika mchuzi ili kuuza kwa viwanda kinahitaji chombo kinachokubali ujazo unaobadilika. Stenlesi yenye mfuniko unaoelea ndiyo ninayoipendekeza. Fedha ikiwa haitoshi, matangi ya plastiki ya daraja la chakula hufaa kwa wiki chache, yakiwa kivulini, si kwa miezi, kwa kuwa plastiki nyembamba hupitisha hewa kupita kiasi.

Mwenye ardhi yake mwenyewe, anayetengeneza mvinyo mwekundu mwaka hadi mwaka, na umeme wake ni wa kusuasua, ana kila sababu ya kufikiria zege lenye mabomba ndani ya ukuta, yanayopitishwa maji ya kisima kwa pampu ndogo ya sola. Aliyepanga jengo asijenge.

Mwenye Syrah nzito na soko la chupa za bei ya juu anaweza kuchachusha kwenye zege au stenlesi, kisha akapeleka sehemu tu ya mvinyo, robo au theluthi, kwenye mapipa na kuichanganya baadaye na iliyobaki tangini. Maganda ya mvinyo mwekundu hayapiti kwenye tundu la pipa, kwa hiyo pipa dogo halitamwondolea haja ya tangi kwa vyovyote.

Na aliyerithi au kununua jengo lenye matangi ya zege ya zamani asiyabomoe upesi. Akamue ndimu ukutani: povu likitoka, tabaka la kinga limeondoka na tangi linahitaji kuandaliwa upya. Kisha alijaze maji, aliache siku kadhaa, akague kuta za nje kwa madoa ya unyevu na mistari ya kutu, na mwisho ayaonje maji hayo. Yakiwa na ladha ya chuma au ya rangi, amwite fundi kabla ya msimu. Yakiwa hayana ladha, ana chombo cha kuanzia.